Mwekundu ni mama, kijani ni baba: jibu kwa mwalimu wa Tukuyu

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tukuyu. Mzee mmoja mstaafu, jirani yetu, ameletewa na mwanawe kasuku wawili wakubwa kwenye kizimba. Mmoja ni mwekundu kama pilipili iliyoiva, kifuani ana zambarau. Mwingine ni kijani mwili mzima, mdomo wake rangi ya chungwa. Mzee anasema ni mke na mume. Mimi nilimbishia mbele ya wanafunzi, nikasema hao ni ndege wa aina mbili kama kanga na kuku. Mzee akazidisha, eti yule mwekundu ndiye jike! Naomba ukweli. Pili, mwekundu anamfukuza mwenzake kwenye chakula mpaka unamwonea huruma, tuwatenganishe? Tatu, mzee ana wazo la kuwaachia msitu wa Mlima Rungwe wazaliane, watalii waje. Inawezekana?*

Marahaba, mwalimu. Nami nakusalimu kwa kamwene za huku Iringa.

Nianze na lile litakalokuuma: mzee ameshinda. Hao wawili ni aina moja, mwekundu ni jike na wa kijani ni dume, na itabidi usimame mbele ya darasa useme ulikosea. Ila usisimame mikono mitupu. Waambie wanafunzi kwamba kosa lako walilifanya wasomi wa Ulaya kwa karibu miaka 100. Mwaka 1776 Mjerumani Statius Müller alimpa yule mwekundu jina la kisayansi. Miaka 10 baadaye, mwaka 1786, Scopoli naye akampa wa kijani jina jingine, kama ndege asiye na undugu wowote na yule wa kwanza. Wasomi hao walikuwa wanaangalia ngozi zilizokaushwa na michoro iliyoletwa kwa meli. Hakuna aliyewahi kukaa chini ya mti akawaona wakilishana.

Aliyefungua fumbo ni Adolf Bernhard Meyer, mtu wa makumbusho ya Dresden, Ujerumani, aliyekwenda mwenyewe New Guinea, kisiwa kikubwa kaskazini mwa Australia, kukusanya ndege. Alipokuwa akiwapasua akagundua jambo la ajabu: kila wa kijani alikuwa dume, kila mwekundu alikuwa jike. Hakupata hata jike mmoja wa kijani. Mwaka 1874 akatangaza kwamba hao ni mtu na mkewe, na kuna waliomkatalia. Kwa hiyo ukibisha mwaka huu wewe, hujaachwa nyuma na dunia peke yako.

Jina la Kiswahili lililozoeleka kwa ndege huyu silijui, nami nitamwita kasuku wa Maluku, kwa kuwa ndiko alikotoka yule wa kwanza kupewa jina. Kisayansi ni *Eclectus roratus*. Maluku ni visiwa vya mashariki ya Indonesia: Halmahera, Bacan, Seram, Ambon, Buru na vingine vingi vidogo. Kama jina hilo halikukumbushi kitu, nenda jikoni ukafungue kopo la viungo. Mikarafuu yote ya Unguja na Pemba asili yake ni huko, kwenye visiwa vidogo vya Ternate, Tidore na jirani zake pembeni mwa Halmahera. Karafuu ilisafiri ikapita visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kasuku huyu hakusafiri nayo. Alibaki kwenye misitu yake ya joto, na mpaka leo kasuku wa Maluku halisi hapatikani porini popote pengine duniani.

Ana ndugu zake wa karibu, na hapo kila kisiwa kina jike wake. Kisiwani Sumba jike ni mwekundu mtupu, kifuani hana buluu wala zambarau. Tanimbar naye ni mwekundu mtupu, lakini ncha ya mkia ni njano. Wa New Guinea na visiwa vya Solomoni ana kifua cha buluu na pete nyembamba ya buluu kuzunguka jicho. Huyu wa New Guinea ndiye pekee aliyevuka akafika bara, kwenye rasi ya Cape York kaskazini mwa Australia, na nitamrudia kwa sababu huko ndiko tulikojifunza karibu kila tunachokijua. Alikuwepo na mwingine tena, wa visiwa vya Tonga na Vanuatu; wa huyo tumebakiwa na mifupa tu. Aliisha baada ya watu kufika.

Angalia jambo moja la kuchekesha: madume wa visiwa vyote hivi wanafanana mno, wote kijani, ukiwachanganya hata mimi nitakuomba muda. Ni majike ndio wanaotofautiana. Kwa ndege wengi ingekuwa kinyume.

Hapo ndipo lilipo swali ulilouliza nusu nusu, "eti mwekundu ndiye jike!", na alama yako ya mshangao nimeiona. Umekulia na kuku. Jogoo ana upanga mwekundu na mkia unaong'aa, mtetea kavaa khanga ya kazini. Tausi ni hivyo, bata ni hivyo, kwera mwekundu kwenye mashamba ya mpunga ya Kyela ni hivyo. Sababu yake inafahamika: dume anajipamba ili achaguliwe, jike anavaa rangi ya udongo asionekane akilalia mayai. Wapo ndege wachache ambao jike ndiye aliyejipamba, lakini hao kwa kawaida wamebadilishana na kazi. Mfano uko kwenye madimbwi yetu: sile, yule ndege mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi. Dume ndiye anayelalia mayai na kulea, jike anatafuta mume mwingine.

Kasuku wa Maluku anavunja kanuni zote mbili. Jike ndiye mwenye rangi kali, na bado ndiye anayelalia mayai na kukaa na makinda. Dume hajawahi kulalia yai. Sasa iweje mama mlezi avae nguo ya harusi?

Swali hili lilimkosesha usingizi William Hamilton, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa vichwa vikubwa vya baiolojia ya mageuko katika karne ya 20. Inasimuliwa kwamba alisema siku atakayoelewa kwa nini mmoja ni mwekundu na mwingine kijani, atakuwa tayari kufa. Alifariki mwaka 2000, baada ya kuugua malaria katika safari ya utafiti nchini Kongo, na jibu lilichapishwa mwaka 2005. Alipishana nalo kwa miaka mitano.

Aliyelileta ni Robert Heinsohn wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, akiwa na Sarah Legge na John Endler. Walipanda miti mirefu ya msitu wa Iron Range kule Cape York kwa kamba, msimu baada ya msimu, miaka minane. Nami jibu lao nitakupa kwa neno moja kwanza, halafu nilieleze: shimo.

Ndege huyu hajengi kiota. Anahitaji shimo kwenye shina la mti mkubwa, lenye kina, juu sana, lisiloingia maji ya mvua. Mti hauwi na shimo la namna hiyo mpaka uwe mzee kweli kweli, tawi limekatika, kuvu na mchwa wamekula ndani. Katika msitu mzima mashimo mazuri ni ya kuhesabu. Jike akilipata haondoki. Analikalia miezi 9 na zaidi kwa mwaka, hata kabla ya kutaga, kwa sababu akiinuka tu mwenzake ataingia. Majike hupigana kwa ajili ya mashimo, na wakati mwingine mmoja hufa.

Nadhani umeshamkumbuka hondohondo. Wa kwetu anaingia kwenye shimo la mti, wanaziba mlango kwa udongo na kinyesi, unabaki ufa tu, na dume anamlisha kupitia ufa huo mpaka makinda wakue. Ukienda Ruaha utawakuta wale hondohondo wadogo wenye mdomo mwekundu wakifanya hivyohivyo. Kasuku wa Maluku hajifungii kwa udongo, lakini ni maisha yaleyale: mama kakaa mlangoni, chakula kinaletwa.

Sasa weka rangi juu ya maisha hayo. Jike hatembei hovyo, kwa hiyo hana haja ya kujificha kwa mwewe akiwa safarini. Hatari ikija anarudi nyuma hatua moja, yuko ndani, giza, haonekani. Akitoka mlangoni kwenye lile shina la kahawia na kijivu, wekundu wake unaonekana kutoka mbali sana, na ujumbe wake ni mmoja: hapa pana mwenyewe. Ni kama kufuli lililopakwa rangi. Dume naye kutwa nzima yuko juu ya msitu akitafuta matunda, mwendo mrefu, mwewe wanamtazama kwa juu. Kijani kwenye majani kinamsitiri. Akirudi kwenye shina, kijani hicho kinageuka kuwa pambo, kwa sababu manyoya yake yanarudisha pia mwanga wa urujuanimno, ambao macho ya binadamu hayauoni lakini kasuku wanauona, tena vizuri kuliko mwewe. Kwa macho ya mkewe anang'aa. Kwa macho ya adui ni jani.

Niliposoma hilo mara ya kwanza niliweka karatasi chini nikatoka nje. Jike hakuwa anashindania wachumba kwa rangi kama jogoo. Rangi zote mbili zimetoka kwenye uhaba wa nyumba.

Na mambo hayaishii hapo. Jike mwenye shimo zuri halishwi na dume mmoja. Huko Cape York walikuta majike wanaohudumiwa na madume hadi saba, kila mmoja anakuja na tumbo limejaa matunda, anamcheulia mdomoni. Nao madume hao si waaminifu kiasi hicho, huzungukia mashimo ya majike wengine pia. Kama mzee wako anawaita "mke na mume", mwache aendelee, lakini huko kwao ndoa hiyo ina wageni wengi. Hili usiwasimulie darasa la tatu.

Anataga mayai mawili, anayalalia karibu wiki 4, na makinda hutoka shimoni wakiwa na wiki 11 hivi. Jinsia ya kinda inajulikana mapema sana, kwani malaika, yaani manyoya laini ya mwanzo, ya dume na ya jike hayafanani rangi. Mama anajua nani ni nani, na wakati mwingine hutumia ujuzi huo kwa ukatili: kwenye mashimo yanayofurika mvua ikinyesha, wakiangua mmoja dume na mmoja jike, kuna mama wanaomuua kinda wa kiume ndani ya siku chache za mwanzo. Kinda wa kike hukua upesi zaidi, hutoka shimoni mapema, kwa hiyo ana nafasi nzuri ya kuiwahi mvua. Mwenye shimo kavu hana sababu ya kufanya hivyo, na hafanyi. Tena ni shimo.

Wafugaji nao walikuwa na kisa chao cha zamani kuhusu ndege hawa: jike mmoja wa kizimbani alitoa madume 20 mfululizo kabla ya kupata binti. Kwa ndege, mama ndiye anayebeba kromosomu za aina mbili, kwa hiyo yai lake ndilo linaloamua kinda awe dume au jike. Kwa binadamu ni kinyume, mbegu ya baba ndiyo inayoamua. Nalisema hili kwa makusudi, mwalimu, kwa sababu bado nawasikia wanaume huku kwetu nyanda za juu wakimlaumu mke kwa kuzaa mabinti watupu. Lawama hiyo ingemfaa kasuku.

Kama unataka somo la sayansi lisilohitaji maabara, tumia rangi zenyewe. Wekundu wa kasuku ni pigimenti, yaani kemikali ya rangi, anayoitengeneza mwilini mwake. Flamingo lazima ale vijidudu na mwani ndipo awe na rangi ya waridi. Kasuku hana deni hilo. Kijani chake kwa upande mwingine si pigimenti ya kijani hata kidogo. Ni pigimenti ya njano iliyolala juu ya unyoya ambao umbile lake la ndani hurudisha mwanga wa buluu, na njano ikikutana na buluu jicho lako linasoma kijani. Unyoya wa buluu ukiutwanga kwenye kinu, buluu inapotea, unabaki na unga wa rangi ya matope, maana ulichovunja ni lile umbile. Unyoya mwekundu ukitwangwa unabaki mwekundu. Mzee akikupa manyoya yaliyodondoka kizimbani, jaribu.

Halafu linganisha na shorobo, yule ndege wa kijani wa misitu ya milimani ambaye akiruka mbawa zake zinafumuka nyekundu. Kwake kijani na nyekundu zote ni pigimenti za kweli, tena zenye madini ya shaba ndani yake, na ile nyekundu huwezi kuikuta kwa ndege wa ukoo mwingine. Ule wekundu wake huyeyuka kwenye maji ya magadi. Ndege wawili, rangi mbili zilezile machoni, na ndani hakuna hata kimoja kinachofanana.

Nimekwenda mbali. Nirudi kwenye kizimba cha mzee.

Ndiyo, watenganishe. Umeshaelewa kwa nini: jike wa ukoo huu amezaliwa mlinzi wa mlango, na kizimba kimoja chenye bakuli moja, kwake ni shimo linalolindwa. Porini dume anamletea chakula kisha anaondoka zake. Kizimbani hana pa kuondokea. Vizimba viwili vilivyokaribiana vinafaa. Kama mzee hana uwezo huo basi bakuli mbili mbali mbali, vijiti vya kusimamia vya urefu tofauti, na aondoe kabisa boksi lolote la kutagia, maana likiwepo tu jike atazidi ukali. Dume akianza kujinyonyoa manyoya kifuani, hiyo si homa ya kawaida, mara nyingi ni msongo. Wampe kazi: tawi la mpera lenye magome ya kutafuna, hindi bichi lililofungwa kwenye majani yake alichanechane mwenyewe.

Chakula. Mzee nadhani anawapa alizeti, kila mtu anawapa alizeti. Iwe kidogo tu, kama karanga za mgeni. Hawa ni wala matunda wa msituni: papai, embe, pera, ndizi, karoti, majani ya maboga, mchicha, mahindi mabichi. Maharage yapikwe yaive kabisa, mabichi yana sumu. Pilipili wape bila woga hata ile mbuzi, ndege hawasikii ukali wake; mimi nimewahi kuona kasuku akila pilipili huku mwenye nyumba anatokwa machozi kwa kumtazama.

Lakini parachichi, mwalimu, hapana. Hili nakuomba umfikishie mzee leo, usingoje kesho. Nalijua eneo lenu, parachichi zinadondoka zenyewe barabarani, watoto wanazirushiana, nguruwe wanalishwa. Kwa kasuku ni sumu. Ina kitu kinachoshambulia moyo na mapafu ya ndege, na kipande kidogo kinaweza kumuua katika siku moja au mbili. Tunda, kokwa, jani, vyote. Hata tawi la kusimamia lisitoke kwenye mparachichi.

Jambo la pili ni moshi na baridi, na kwenu haya mawili yanakuja pamoja. Juni na Julai Tukuyu inafunikwa na ukungu, mvua yenu mnaijua, na ndege hawa asili yao ni misitu ya chini yenye joto la pwani mwaka mzima. Watu wema wataingiza kizimba jikoni kiwe karibu na jiko la mkaa. Mapafu ya ndege yanachuja hewa kwa ufanisi kuliko yetu, ndiyo maana gesi ya mkaa inamwangusha yeye kabla yako. Vivyo hivyo kikaango cha kisasa kile kisichogandisha: kikisahaulika motoni kikapata joto kali, mvuke wake huua ndege chumba cha pili. Afadhali sebule iliyofungwa vizuri, kizimba kifunikwe blanketi pande tatu usiku, na mchana kitolewe juani likitoka.

Na visikae karibu na banda la kuku. Kideri kinawapata kasuku pia. Anayesafisha kizimba alowanishe kinyesi kwanza ndipo afagie, asivute vumbi lake, kwa sababu kuna homa ya mapafu inayotoka kwa kasuku kuja kwa mtu. Mzee mstaafu akipata kikohozi na homa kali, aende hospitali na amwambie daktari kwamba anafuga kasuku. Asipolitaja, daktari hatalifikiria.

Sasa Rungwe. Jibu ni hapana, na hapa sitakuwa mpole.

Kwanza ndege wenyewe. Waliozaliwa kizimbani hawajui mwewe, hawajui tunda gani la msituni linaliwa, na usiku wa Julai kwenye mlima unaokaribia mita 3,000 utawamaliza kabla mwewe hajawaona. Mzee atakuwa amewaua kwa nia njema.

Pili, tuseme basi wamepona. Hapo ndipo ningeogopa zaidi. Wangetafuta nini? Mashimo. Na mashimo ya miti mikubwa ya Rungwe tayari yana wenyewe: hondohondo, bundi, nyuki, na wengine. Tumeshaona mgeni mmoja alivyotufanyia. Kunguru wa India waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasafishe takataka, wazo lililoonekana zuri kabisa. Nenda Dar es Salaam ukawaulize watu leo. Hata kasuku tumeshawachanganya: cherero wetu, wale kasuku wadogo wa mapenzi, waliotoroka au kuachiwa nje ya maeneo yao wamezaana aina kwa aina, wakatoa machotara huko Naivasha, Kenya.

Tatu, na hili ndilo ningependa mzee alisikie akiwa ametulia: Rungwe hauhitaji mgeni ili watalii waje. Msitu ule nao ni kisiwa, tofauti ni kwamba umezungukwa na migomba, chai na viazi badala ya bahari. Ndiyo maana una viumbe ambao hawapo ila sehemu chache sana duniani. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Tim Davenport waliambiwa na wawindaji wa kijijini habari za nyani mwenye manyoya marefu na mlio kama wa mbwa mwenye mafua. Wanyakyusa walikuwa na jina lake zamani: kipunji. Mwaka 2005 akatangazwa kwa dunia kuwa aina mpya, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, yenye jina la mlima wenu, *Rungwecebus*. Hesabu ya kwanza ilikuta takriban 1,100 tu, milima ya Rungwe na Livingstone kwa upande mmoja na msitu wa Ndundulu huku kwetu Kilolo kwa upande wa pili. Huku kwetu ndiko pia alikoonekana kwale wa Udzungwa mwaka 1991, ndege ambaye ndugu zake wa karibu wako Asia. Mtalii akitaka kasuku wa Maluku ataenda Maluku. Akitaka kipunji, hana njia nyingine ila kuja kwenu au huku kwetu.

Na kama wanafunzi wanataka kuona kasuku wa porini kwa macho yao, safari ni ya Ruaha. Cherero wa shingo ya njano, kichwa cheusi na pete nyeupe jichoni, wanapita makundi makundi wakipiga kelele, wanalala kwenye mashimo ya mibuyu. Ndugu yake wa kaskazini, cherero wa Fischer, miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa kasuku wa porini waliouzwa kwa wingi zaidi duniani, na waliomuuza ni sisi. Ndege wa Maluku walipitia hayohayo, wakinaswa kwa nyavu na gundi na kusafirishwa kwenye maboksi, juu ya misitu yao kukatwa. Yule mwekundu mtupu wa Sumba leo yuko hatarini kutoweka.

Ndiyo maana kuna jambo la karatasi. Kasuku karibu wote duniani wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, huyu akiwemo tangu 1981: havuki mpaka bila kibali, hata kama amezaliwa kizimbani. Kijana wa mzee awe nazo hati za alikowanunua, na aangalie mguuni kama kuna pete ya chuma isiyo na kiungo, ambayo huvishwa kinda mchanga tu na ndiyo dalili ya kawaida ya ndege wa kufugwa. Kama hati hazipo, mzee asifiche. Ofisi ya karibu ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania, watamweleza kibali cha kufuga kinavyoombwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwenda mwenyewe ni bora kuliko kuja kuulizwa.

Nina ombi moja nami. Umesema mwekundu ana zambarau kifuani, lakini hujaniambia habari za jicho wala mkia. Nenda naye yule mwanafunzi aliyekubishia siku ile, maana najua yupo, mtazame kwa makini. Kama jicho halina pete na ncha ya mkia ni njano iliyokolea, huyo asili yake ni upande wa Halmahera, ilikotoka karafuu. Kama mkia ni mwekundu mpaka mwisho na jicho limezungushiwa uzi wa buluu, basi zambarau uliyoiona ilikuwa buluu kwenye kivuli, ndege ni wa New Guinea au Solomoni, na itabidi urudi tena darasani kusahihisha.